Kusoma mwendo wa anga la usiku ukiwa Arusha au Moshi

Vitabu vingi vya nyota huanza kwa kumwambia msomaji aitafute Nyota ya Kaskazini. Ukiwa Arusha au Moshi, ukurasa huo uruke. Miji yote miwili iko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo hukaa chini ya upeo wa macho usiku kucha, mwaka mzima. Hata ingejitokeza kidogo, mtu wa Moshi angezibiwa na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro.

Hasara hiyo si kubwa. Karibu na ikweta nyota za mashariki huchomoza wima kama ndoo inayovutwa kisimani, hupita juu ya kichwa, kisha hushuka wima upande wa magharibi. Na ukikaa mwaka mmoja huku ukiangalia kwa saa tofauti, utaona karibu kila nyota iliyopo angani. Mtu wa London hauoni kabisa Msalaba wa Kusini, na wa Cape Town hamwoni mzima Dubu Mkubwa, kundinyota la kaskazini. Hapa vyote viwili viko juu jioni ileile ya Mei.

Vifaa

Tafuta fimbo nyoofu ya mita 1 (mpini wa fagio unatosha), kamba isiyovutika, uzi wenye nati mwishoni uwe timazi, rula, vijiti vichache vya kuchomeka ardhini, saa inayoonyesha sekunde, daftari na penseli. Tochi ifunike kwa nailoni nyekundu, tabaka mbili au tatu, mpaka mwanga wake utoshe kusoma tu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na skrini ya simu iliyowashwa mara moja inakurudisha mwanzo.

Darubini si lazima. Ukitaka kununua, ile ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (inayokuza mara 7 au 10, lenzi za mbele zikiwa na upana wa milimita 50) itakufaa kuliko darubini ya bei rahisi yenye miguu inayotetemeka kila ukiigusa. Na isielekezwe kwenye jua hata kwa sekunde moja. Jicho linaungua kabla hujahisi maumivu.

Kwanza uijue kaskazini

Hapa ndipo wengi wanapoharibu mapema, hasa Arusha. Mlima Meru umezoeleka kuwa "kaskazini", lakini ukisimama Mnara wa Saa, kilele chake kiko kulia kwa kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 20. Ukienda Tengeru kimehamia kushoto kwa kaskazini. Ukifika Usa River kiko kaskazini-magharibi, na kwa mtu wa Ngaramtoni kiko kaskazini-mashariki, tena kimeegemea mashariki. Anayepanga anga lote kwa kufuata mlima hukosea kwa nyuzi 20 au zaidi, halafu analaumu ramani ya nyota. Moshi mjini wana nafuu, maana kilele cha Kibo kiko karibu kaskazini kamili na Mawenzi uko kulia kwake.

Dira ya simu pia hudanganya ukiwa karibu na gari, geti la chuma au paa la bati. Fimbo na kivuli havidanganyi. Fanya hivi siku yenye jua la kutwa:

1. Chagua uwanja tambarare. Chomeka fimbo, kisha isimamishe wima kwa timazi, ukiikagua kutoka pande mbili zinazokatana kama pembe ya nyumba. Ukikagua upande mmoja tu, fimbo itakuwa imelala upande wa pili bila wewe kujua.

2. Saa 4:00 kamili asubuhi chomeka kijiti kwenye ncha ya kivuli. Kwa fimbo ya mita 1, kivuli kitakuwa kati ya sentimita 70 hivi na mita 1 na kidogo, kutegemea mwezi.

3. Funga kamba kwenye shina la fimbo, ipime hadi kwenye kijiti, uchore duara ardhini kwa urefu huo.

4. Kivuli kitafupika mpaka mchana, kisha kitarefuka tena upande wa pili. Chomeka kijiti cha pili pale ncha yake inapoligusa duara. Itatokea kati ya saa 8:28 na saa 9:35 alasiri. Ikipita hapo, fimbo imeinama au uwanja una mteremko.

5. Unganisha vijiti viwili kwa kamba. Kijiti cha asubuhi ndicho magharibi, cha alasiri ndicho mashariki. Mstari unaoukata huo katikati kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini.

Weka alama za kudumu, mawe yaliyopakwa chokaa kwa mfano. Utazitumia kila usiku.

Ncha ya kivuli haina ukali, ina ukungu wa sentimita moja hivi, kwa sababu jua si nukta bali ni sahani yenye upana wa nusu nyuzi. Bandika kipande cha boksi chenye tundu dogo juu ya fimbo, kisha pima katikati ya doa la mwanga linaloanguka chini.

Kazi hiyohiyo inakupa jambo la pili bure. Chukua saa za vijiti viwili, tafuta katikati yake: ndio mchana halisi wa mahali ulipo. Si saa 6:00. Kwa wastani ni saa 6:33 Arusha na saa 6:31 Moshi, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu, na jua linahitaji dakika 4 kwa kila nyuzi moja kuja kwetu. Wastani huo nao huyumba: mwanzoni mwa Novemba jua huwahi kwa dakika 16, katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14. Ndiyo maana Februari jioni huonekana ndefu, ingawa urefu wa mchana haujabadilika sana.

Siku mbili kwa mwaka kivuli hupotea kabisa. Jua hupita utosini tarehe 11 au 12 Machi na tena 1 au 2 Oktoba. Oktoba ndiyo ya kutegemea, kwani Machi masika huwa yamebisha hodi. Tarehe 1 Oktoba simamisha fimbo kwa timazi, uwe tayari saa 6:23 mchana ukiwa Arusha, au saa 6:20 Moshi. Kati ya siku hizo mbili, Machi hadi Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini; miezi iliyobaki liko kusini. Mwenye nyumba anayejiuliza kwa nini baraza lake la upande wa kusini linaungua Desemba na kupoa Juni anapata jibu hapo.

Ngumi kama kipimo

Nyoosha mkono wote mbele, kunja ngumi: upana wake ni karibu nyuzi 10. Vidole vitatu vya kati ni 5, kidole kidogo ni 1. Mtoto pia anapata 10, kwa kuwa mkono wake mfupi una ngumi ndogo. Kosa la kawaida ni kukunja kiwiko bila kujijua unapoinua mkono juu. Kujihakiki, simama mita 5.7 kutoka ukutani: mita 1 ya ukuta ni nyuzi 10. Au tumia mlima. Kibo kikionekana wazi kutoka Moshi mjini, kimesimama karibu ngumi moja juu ya tambarare. Meru kutoka Mnara wa Saa ni ngumi moja na kidole kidogo au viwili, kwa sababu ingawa ni mfupi kuliko Kibo, umbali wake ni kama nusu tu.

Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Nyota iliyochomoza mashariki itapanda ngumi moja kila dakika 40.

Usiku wa kwanza: mkanda wa Jabari

Jabari ni kundinyota ambalo ramani za kigeni huliita Orion. Mkanda wake ni nyota tatu zilizopangana mstari, zenye mwanga unaolingana, na hazifanani na kitu kingine chochote angani. Ziko karibu juu ya ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo kwetu ni dira: huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili.

Tarehe 23 Novemba hivi mkanda huchomoza saa 2 usiku. Simama kwenye mawe yako ya chokaa, utauona ukiinuka juu ya jiwe la mashariki. Mwishoni mwa Februari, saa 2 usiku, uko juu ya kichwa. Lala chali, usijivunje shingo. Tarehe 23 Mei unazama saa hiyohiyo. Saa zote za usiku katika mwongozo huu ni saa 2 usiku, wakati giza limeshatanda au limebakiza kidogo tu. Ukitoka nje saa 3 badala ya saa 2, utaona hali hiyohiyo nusu mwezi mapema; ukitoka saa 4, mwezi mzima mapema.

Kwa nini? Kwa sababu dunia inalizunguka jua huku ikijizungusha yenyewe, na nyota hurudi mahali pake baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, si saa 24. Hilo usilikubali kwa maneno tu; linapimika nyumbani.

Kupima zile dakika nne

Vitabu vya nchi za mbali hukuelekeza usubiri nyota ijifiche nyuma ya pembe ya nyumba, yaani ukingo wa wima. Hapa ukifanya hivyo ukitazama magharibi utasubiri mpaka uchoke: nyota inashuka sambamba na ukingo na haujui lini imeingia. Tafuta ukingo wa kulala: juu ya ukuta wa uzio, au kipaa cha nyumba ya jirani. Ukingo wa wima utumie kwa nyota za kusini au kaskazini pekee, ambazo hupita kwa ubavu.

Kaa kitini, funga jicho moja, na jicho lako lirudi mahali palepale kila usiku. Hili la jicho ndilo linaloharibu vipimo vyote. Ukuta ukiwa mita 5 mbele yako, kichwa kikipanda au kushuka sentimita 1 tu, umekosea kwa sekunde 27. Kikihama sentimita 5, umekosea dakika mbili na zaidi, yaani zaidi ya nusu ya kile unachokitafuta. Dawa ni kupigilia mbao kwenye nguzo ya baraza na kutundika juu yake waya uliokunjwa tundu la milimita 5, kisha kuchungulia kupitia tundu hilo. Ukuta wa mita 10 unapunguza kosa kwa nusu.

Chagua nyota kali iliyo karibu na mkanda wa Jabari, au mkanda wenyewe, andika saa, dakika na sekunde inapozimika. Nyota hukatika ghafla, kama taa iliyozimwa. Ikififia taratibu na kuchukua muda, huenda ni sayari, ukungu au jani la mti. Rudia usiku wa pili: karibu dakika 4 mapema. Mawingu yakikuzuia siku kadhaa, usijali, endelea na uliyoacha. Baada ya usiku 7 tofauti inapaswa kuwa dakika 27 na nusu, baada ya 15 karibu saa nzima. Gawanya tofauti yote kwa idadi ya siku, utapata jibu safi kuliko la usiku mmoja. Nyota tumia ileile, na usitumie sayari: zina mwendo wao wa ziada.

Kusini, kwa vidole viwili

Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta kidogo, ncha ambayo anga lote huizunguka kwa upande wa kusini iko juu ya upeo kwa nyuzi 3.4 tu, vidole viwili. Hakuna nyota ya maana pale, na vumbi la tambarare humeza hata ndogo zilizopo. Unaipata kwa Msalaba wa Kusini.

Mwanzoni mwa Juni saa 2 usiku Msalaba umesimama wima kusini kamili, nyota yake ya chini ngumi tatu juu ya upeo. Pima urefu wa mti wake mrefu, kutoka nyota ya juu hadi ya chini (nyuzi 6), ushushe mara nne na nusu kuanzia nyota ya chini: umefika ncha. Machi Msalaba huchomoza kusini-mashariki ukiwa umelala, kichwa kushoto. Mwanzoni mwa Septemba huzama umelala, kichwa kulia. Ukimaliza kuutazama kwa usiku mzima utakuwa umeona mkono wa saa kubwa ukizunguka.

Jihadhari na Msalaba wa Uongo. Aprili saa 2 usiku huo ndio ulioko juu kusini, nao ni mkubwa na hafifu zaidi. Msalaba wa kweli hufuatwa na nyota mbili kali sana upande wa kushoto. Ukikosa hizo mbili kwa mbingu safi, umekosea msalaba.

Ukitazama kusini, nyota huenda kushoto kwenda kulia; ukigeuka kaskazini zinaonekana kwenda kulia kwenda kushoto. Zote zinaelekea magharibi, ni wewe uliyegeuka. Katikati ya Mei wa Moshi anaweza kuona nyota mbili za mbele za Dubu Mkubwa zikiwa juu ya Kibo, ya chini kati ya hizo ngumi mbili na nusu juu ya upeo. Mstari wake unaelekea Nyota ya Kaskazini, nao unaingia mlimani na kupotelea ardhini.

Kwa upeo wa kusini ulio wazi, Moshi ni upande wa Kahe na mashamba ya miwa. Arusha ni kutoka Kisongo kwenda Makuyuni. Zungumza na mwenyekiti wa mtaa au kijiji kabla, msiende chini ya wawili, na hifadhini usiku si pa kutembea. Januari na Februari ndizo tunazozipenda kwa mbingu safi. Juni na Julai zina kundinyota la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaovuka anga, ila mawingu hujikusanya kwenye miteremko ya kusini ya milima, hivyo sogea tambarare.

Kilimia

Kishada cha nyota ndogo, sita kwa macho ya kawaida, kaskazini-magharibi mwa Jabari. Mwishoni mwa Oktoba kinachomoza saa 2 usiku, mwishoni mwa Januari kiko juu upande wa kaskazini, na wiki ya kwanza ya Mei kinamezwa na mwanga wa jua linalozama. Katikati ya Juni kinarudi mashariki kabla ya alfajiri. Mei kwetu bado masika, Juni mvua zimekatika. Ndiyo ule usemi wa wahenga kwamba kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni kalenda iliyofungwa kwenye zile dakika nne.

Mwezi na sayari

Mwezi mchanga kwetu hulala kama mtumbwi, haujasimama kama katika picha za vitabu, kwa sababu njia ya jua na mwezi inakata upeo wetu karibu wima. Kila siku mwezi husogea mashariki ngumi moja na robo kati ya nyota, na huchomoza kama dakika 50 baadaye kuliko jana.

Sayari hutembea kwenye njia hiyohiyo, na mwanga wake umetulia ilhali nyota zinametameta. Zuhura haitoki zaidi ya nyuzi 47 kutoka kwenye jua, kwa hiyo anayekuambia ameiona saa 6 usiku huenda ameona sayari ya Mshtarii. Utaridi ni ya kuviziwa dakika 40 baada ya jua kuzama, na sisi wa ikweta tuna bahati nayo kuliko Ulaya.

Mirihi ndiyo yenye mchezo. Kila miezi 26 hivi husimama, hurudi nyuma kati ya nyota kwa wiki kadhaa, kisha huendelea mbele. Ni dunia inayoipita kwa ndani, kama basi linalopita lori na lori likaonekana kurudi nyuma. Itakuwa mkabala na jua tarehe 19 Februari 2027, katika kundinyota la Simba, Mshtarii ukiwa jirani. Anza kuchora mwanzoni mwa Desemba 2026, mara moja kwa wiki hadi mwisho wa Aprili. Chora kwanza nyota tano au sita za Simba kwenye karatasi moja, toa nakala zake, na kila wiki weka nukta ya Mirihi kwa kupima vidole kutoka nyota mbili, si moja. Chora ukiwa nje palepale. Ukisubiri asubuhi ukumbuke, mkono utaweka nukta pale unapotarajia iwe.